THOMAS GRAHAM, MUTU WA KUTU NA MAJI

Sisi wote tumekwisha kuona kutu juu ya jembe. Ukiikwangua na kuitia ndani ya maji, inaanguka chini. Lakini kuko mutu mumoja aliyepata namna ya kuifanya ibaki ndani ya maji bila kuanguka. Jina lake Thomas Graham.

Alizaliwa Glasgow, inchi ya Scotland, mwaka 1805. Baba yake, mufanyabiashara, alitaka awe muchungaji wa kanisa. Kijana akaingia universite mwaka 1819, lakini huko moyo wake ulishikwa na shimi. Baba akakasirika, akakata feza ya masomo. Mama hakumuacha. Alimusaidia, na kijana mwenyewe akafundisha hesabu ili apate kula. Mwaka 1830 akawa profesa kule Glasgow, na mwaka 1837 akaitwa London.

Mwaka 1861 alitoa kazi yake kubwa. Alifunga duara kwa karatasi ngumu, kama vile tunafunga ngoma kwa ngozi, akaiweka juu ya maji safi. Alipotia ndani chumvi ao sukari, ilipita. Gundi ilibaki. Vitu vinavyobaki aliviita koloide, na kazi ya kuvitenga, dialize.

Kisha akayeyusha kutu mbichi ndani ya dawa ya chuma na klori, akaimwanga ndani ya ile ngoma. Siku kwa siku asidi ikapita chini. Juu yakabaki maji mekundu, yenye chembe za kutu zisizoonekana kwa macho. Juu ya nini hazianguki? Ni ndogo sana, tena zote zinabeba umeme wa namna moja, basi zinasukumana. Lakini ukitia chumvi kidogo tu, zinashikana, na maji yanaganda.

Graham alikufa London mwaka 1869. Leo wanaopaka vioo ngozi nyembamba ya okside wanatafuta chembe za kipimo kimoja, maana zile kubwa zinaanguka mbele na kuharibu kazi. Na tangu mwaka 1943, dialize inasafisha damu ya wagonjwa wa figo.

Baba alizani mutoto wake amepotea njia. Na wewe unayechagua seksyo mwaka huu, chagua kwa bidii, lakini usimusahau mama.

Mwanafunzi wa darasa la tano, Bio-Shimi