Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni njia za kuona, kutenganisha na kutambua vijidudu vinavyosababisha magonjwa. Kwa njia hizo alitambua bakteria wa kifua kikuu na wa kipindupindu, na mwaka wa 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Alifanya utafiti pia katika nchi ambazo leo ni Tanzania na Uganda.

Maisha ya awali

Koch alizaliwa katika mji wa wachimba madini kwenye milima ya Harz. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi. Alisoma udaktari huko Göttingen. Mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo sana, ingawa wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba yanatokana na hewa chafu. Koch alihitimu mwaka 1866, akamwoa Emmy Fraatz mwaka uliofuata, wakapata binti mmoja. Baada ya kuhudumu katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1872 akawa mganga wa wilaya ya Wollstein (leo Wolsztyn nchini Poland).

Kimeta

Wollstein hapakuwa na maabara wala chuo. Koch alifanya utafiti wake nyumbani, kwa hadubini na panya, kila alipopata nafasi baada ya kuwaona wagonjwa. Ugonjwa uliomshughulisha ni kimeta, uliokuwa ukiua ng'ombe na kondoo wa wilaya hiyo.

Watafiti waliomtangulia walikuwa wameona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta, lakini vijiti hivyo hufa upesi nje ya mwili. Kwa nini basi malisho yaliendelea kuambukiza mifugo kwa miaka mingi? Koch aliviweka vijiti katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akavitunza katika joto la mwili na kuvitazama saa baada ya saa. Aliona vikirefuka kuwa nyuzi, kisha ndani ya nyuzi kukatokea chembe zenye ganda gumu. Chembe hizo, yaani spora, zilistahimili ukavu kwa muda mrefu, na zilipopata mahali pa kufaa zikawa vijiti tena. Hilo lilikuwa jibu la swali la malisho. Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn majaribio hayo, na Cohn akayachapisha katika jarida lake mwaka uleule.

Njia za kutambua vijidudu

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi ya afya ya dola. Hapo alikabili tatizo lililowasumbua wote: katika supu, ambamo bakteria walikuzwa, aina nyingi zilichanganyika, hivyo haikujulikana ni ipi iliyoleta ugonjwa. Koch alitambua kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa kila bakteria hubaki mahali alipoangukia na kuzaliana hapo hapo, mpaka doa linaonekana kwa macho. Kila doa ni uzao wa aina moja.

Kwa kuwa si bakteria wote hukua juu ya viazi, aligandisha supu kwa jelatini. Nayo ilikuwa na kasoro: huyeyuka katika joto la mwili. Suluhisho lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa Walther Hesse aliyefanya kazi na Koch, alipendekeza agari, kitu kinachotokana na mwani ambacho alikitumia kugandisha vyakula vyake. Koch aliitaja agari mwaka 1882 bila kumtaja mama huyo. Sahani ya kioo yenye kifuniko, iliyotengenezwa mwaka 1887 na msaidizi mwingine, Julius Richard Petri, hadi leo inaitwa kwa jina la Petri.

Koch alikuwa pia kati ya watu wa kwanza kupiga picha za bakteria kupitia hadubini, ili watafiti waache kubishana juu ya michoro ya mkono.

Kifua kikuu

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amepata bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa uliohesabiwa kuua mtu mmoja kati ya kila saba. Bakteria huyo hakubali rangi kwa urahisi, ndiyo sababu wengine hawakumwona. Koch aliacha sampuli usiku kucha katika rangi ya buluu yenye magadi, kisha akaongeza rangi ya kahawia: kila kitu kikageuka kahawia, isipokuwa vijiti vyembamba vilivyobaki buluu. Halafu alivikuza peke yake, kwa wiki kadhaa, akawachoma navyo simbilisi, nao wakapata kifua kikuu.

Kazi hiyo ndiyo mfano bora wa kanuni zinazoitwa kwa jina lake: kijidudu kionekane katika kila mgonjwa, kitenganishwe na kukuzwa peke yake, kikiingizwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa uleule, kisha kipatikane tena ndani ya mnyama huyo.

Kipindupindu

Mwaka 1883 aliongoza msafara hadi Misri, kisha Uhindi, ambako mwanzoni mwa 1884 alimtambua bakteria wa kipindupindu, aliyepinda kama mkato wa maandishi. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amemwona tangu mwaka 1854, lakini watu hawakumjali. Hapa kanuni za Koch zenyewe zilikwama, kwa sababu wanyama wa maabara hawakuugua kipindupindu.

Tuberkulini

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu bila kueleza imetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Ilikuwa dondoo la bakteria walewale katika gliserini; haikuponya, na baadhi ya waliochomwa walifariki. Sifa yake ilishuka sana. Baadaye ilionekana kwamba ngozi ya mtu aliyewahi kuambukizwa huvimba akichomwa tuberkulini, na hivyo dawa iliyoshindwa ikawa kipimo kinachotumika hata leo.

Afrika ya Mashariki

Miaka ya mwisho ya Koch ilikuwa ya safari. Akiwa Dar es Salaam mwaka 1897–1898 alitambua tauni katika sampuli zilizotoka Kiziba, magharibi kwa Ziwa Viktoria. Aliporudi mwaka 1904–1905 alionyesha kwamba homa ya papasi huenezwa na papasi waliojificha katika vibanda vya njia za misafara, na kwamba vijidudu hupita kutoka kwa papasi jike hadi katika mayai yake. Joseph Dutton na John Todd walifikia matokeo kama hayo nchini Kongo wakati uleule.

Mwaka 1906–1907 aliishi katika visiwa vya Ssese nchini Uganda, eneo lililoharibiwa na malale. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa kwa ugonjwa huo Uganda katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Utambuzi ulifanyika vizuri: majimaji yalivutwa kutoka tezi za shingo na vimelea vikaonekana kwa hadubini. Tiba ilikuwa habari nyingine. Koch aliwachoma wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, lakini vimelea vilirudi, naye akaongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja. Kipimo kikubwa kilisimamishwa, lakini Koch hakuiacha dawa yenyewe, na baada yake serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilifungua kambi za wagonjwa wa malale ambako iliendelea kutumika.

Kifo na urithi

Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi iliyoanzishwa kwa ajili yake mwaka 1891, ambayo sasa inaitwa Taasisi ya Robert Koch. Tarehe 24 Machi huadhimishwa kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

DNA ya bakteria wa kifua kikuu ilisomwa yote na kuchapishwa mwaka 1998. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mashine inayotafuta DNA hiyo katika makohozi na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na kuonyesha kama bakteria ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Hata hivyo hospitali nyingi bado hupaka makohozi rangi na kuyatazama kwa hadubini, na maabara kuu bado hukuza bakteria hao kwa wiki kadhaa ili kujua ni dawa zipi nyingine zinazowaua.