Theodor Boveri na Hesabu ya Kromosomu

Katika mazoezi ya kufundisha tumepata kuulizwa na mtoto wa darasa la saba kama mtu aweza kupata saratani kwa kula sahani moja na mgonjwa. Mwanachuo aliyekariri hatua za kugawanyika kwa seli pasipo kuelewa maana yake hana jibu la kumpa. Ndiyo maana tumeona vema kueleza maisha ya Theodor Boveri.

Boveri alizaliwa mwaka 1862 mjini Bamberg, Ujerumani, na tangu mwaka 1893 alikuwa profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Würzburg. Kazi zake za awali alizifanya kwa mayai ya mchango wa farasi, ambaye kromosomu zake ni chache mno, hata zahesabika kwa hadubini. Kuchagua kifaa kama hicho, kwa maoni yetu, ni nusu ya ufundi.

Baadaye aligeukia mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima, ambaye watembeao miambani maji yakipwa huchelea kumkanyaga. Kwa kawaida yai lake hupokea mbegu moja ya kiume. Kabla ya seli kujigawa, kila kromosomu hutengeneza nakala yake, kisha nakala hizo huvutwa kwenye ncha mbili, sawa kwa sawa. Boveri aliyafanya mayai yapokee mbegu mbili. Mara nyingi ncha zikawa nne, na kromosomu zikavutwa huku na huku bila ulinganifu. Seli hii ilikosa kromosomu fulani, ile ikazidishiwa, na viinitete vingi vikafa. Mwaka 1902 alieleza kwamba kila kromosomu ina kazi yake.

Kutokana na mayai hayo alifikia jambo zito. Katika kitabu cha mwaka 1914 alidai kwamba uvimbe wa saratani huanza na seli moja ya mwili wenyewe, iliyogawanyika vibaya ikapoteza kizuio cha kujigawa. Yeye hakuwa amefanya majaribio juu ya uvimbe wowote, naye hakulificha hilo. Wengi hawakumjali. Alifariki mwaka 1915, na mkewe Marcella, Mmarekani aliyekuwa pia mtaalamu wa viumbe, akakitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1929. Mwaka 1960 ndipo watafiti wa Philadelphia walipoona kromosomu yenye kasoro ileile katika seli za wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Siku hizi twajua pia kwamba kasoro ndogo ndani ya kromosomu yaweza kutosha, hata idadi isipobadilika.

Darasani tumetumia mahindi, kunde, maharage na mbaazi, punje 6 za kila aina. Mtoto hufumba macho akazigawa zote katika sahani nne, kisha wenzake huhesabu sahani ipi imekosa nini.