BIBI TITI MOHAMED NA DESTURI YA HOJA

Katika miaka ya kwanza ya Uhuru, watu wa Rufiji waliwakilishwa Bungeni na mwanamke ambaye hakupata elimu ya juu, hakuwa binti wa chifu, wala hakupewa cheo na mkoloni. Jina lake ni Titi binti Mohamed. Rufiji ya siku zile ilikuwa pana kuliko ya leo, maana Kibiti haikuwa bado wilaya ya peke yake. Ilianzia mikoko ya delta, ikapanda na mto mpaka Utete, kisha ikavuka kusini hata Mbwara na Ngarambe, nchi ya Kinjikitile na Maji Maji ya mwaka 1905.

Twamkumbuka leo kwa ajili ya jambo moja ambalo twaona linasahauliwa katika matawi yetu, nalo ni desturi ya hoja. Tumehudhuria mikutano mingi ambamo neno latolewa, makofi yapigwa, mwenyekiti asema limepita, na watu waondoka. Kesho yake, chini ya mwembe, wale wale waliopiga makofi waanza kulipinga neno hilo kwa nguvu zote. Waulize kwa nini hawakusema jana. Watajibu kwamba hawakuona nafasi, au kwamba si adabu kumkatalia mkubwa mbele za watu. Maisha ya Bibi Titi, pamoja na ushindi wake na misiba yake, yana mengi ya kuwaambia watu wa namna hiyo.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma madarasa machache ya shule ya wasichana, akaolewa akiwa kijana sana kama ilivyokuwa ada. Kabla ya siasa, mji ulimjua kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji mkuu wa chama cha ngoma kilichoitwa Bomba. Wako waliodharau jambo hili, wakidhani ngoma ni mchezo tu. Sisi twasema kwamba vyama vya ngoma vya pwani, beni na lelemama na vingine, vilikuwa shule kamili ya mikutano. Vilikuwa na vyeo, na ada ya kuingia, na fedha za pamoja ambazo lazima zitolewe hesabu. Ilibidi mmoja aongoze na wengine waitikie kwa zamu. Aliyezoea kuketi katika baraza kama hilo hakuwa mgeni alipoingia katika mkutano wa siasa.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alikuja Dar es Salaam Bwana John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza viongozi wa TANU sehemu ya wanawake iko wapi. Swali likawa zito, maana sehemu hiyo haikuwapo kwa vitendo. Ndipo Bibi Titi, ambaye yeye na mumewe Boi Suleiman walikuwa wamekwisha kupata kadi, akakabidhiwa kazi ya kuwakusanya wanawake. Hakuanza kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma, akawaeleza, nao wakaenda kuwaeleza watu wao na kukubaliana. Kwa muda wa miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha, na wanaume wengi wa mji walishangaa.

Tukiacha kidogo habari za Bibi Titi, tutazame hoja yenyewe ni kitu gani. Tuseme tawi la Mbwara lina fedha kidogo. Mwanachama asimama, aomba ruhusa ya mwenyekiti, asema: natoa hoja kwamba fedha hizi zichimbe kisima. Hapo neno lake bado ni lake peke yake. Akiinuka mwingine na kuiunga mkono, hoja huwa mali ya mkutano, na mkutano wote una haki ya kuijadili. Wa tatu aweza kuleta marekebisho, kwamba kisima kichimbwe karibu na shule. Marekebisho hayo huamuliwa kwanza, kisha hoja yenyewe kama ilivyorekebishwa. Mtoa hoja hupewa nafasi ya mwisho ya kuwajibu wenzake. Ndipo mwenyekiti auliza wanaoafiki, auliza pia wasioafiki, naye katibu aandika. Mwenyekiti asiyeuliza wasioafiki hajaendesha kura. Amewatangazia watu matakwa yake. Na kama akidi haikutimia, hata makofi ya dunia nzima hayafanyi uamuzi.

Mkoloni aliijua desturi hii vizuri, ila aliipanga apate kushinda daima. Mwalimu Nyerere aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Alileta hoja zake kwa utaratibu unaotakiwa, na Serikali, iliyokuwa na kura nyingi humo, ikazikataa. Mnamo Desemba ya mwaka huo huo alijiuzulu. Hakuvunja viti wala hakutukana mtu. Alitoka mlangoni, akaenda kuwaeleza wananchi sababu. Mwezi uliofuata, Januari 1958, TANU ilikutana Tabora kuamua kama itaingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia pamoja. Wajumbe walibishana sana, na hatimaye wakakubali kuingia. Ndugu Zuberi Mtemvu, ambaye hakuafiki, alitoka akaanzisha chama chake mwenyewe, African National Congress. Alikosea au hakukosea katika siasa, hilo ni jambo jingine, lakini kila mtu alijua amesimama wapi.

Katika hali hiyo ndimo Bibi Titi alimokua kisiasa. Uhuru ulipopatikana alikuwa Mbunge na Katibu wa Bunge katika wizara, na mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mwaka huo huo, tarehe 10 Desemba, Mwalimu alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Wasomi wengine waliliona jambo dogo. Kwa mtu kama Bibi Titi, na kwa mkulima wa Mbwara aliyemtuma, halikuwa dogo hata kidogo. Hoja isiyoeleweka haiwezi kupingwa, na asiyeweza kuipinga amekaa pale kama kiti.

Mwaka 1965 nchi ikafuata katiba ya chama kimoja. Wengi wa nje walidhani uchaguzi umekufa. Lakini utaratibu uliowekwa ulikuwa hivi: mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura walioomba, Halmashauri Kuu ikapitisha majina mawili, mmoja akapewa alama ya jembe, wa pili nyumba, na wananchi wakakata shauri kwa kura ya siri. Mnamo Septemba wakubwa kadhaa walianguka. Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa kwao Mwanza. Bibi Titi naye alishindwa Rufiji. Mwanamke aliyeizungukia nchi nzima kwa ajili ya TANU alinyimwa kiti na watu wale wale aliowafundisha kupiga kura! Twaliona jambo hilo chungu, lakini ndiyo maana ya kura. Kama kura isingaliweza kumwangusha Bibi Titi, isingalikuwa na thamani siku ilipomwinua.

Likaja Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ilikutana Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, naye hakukubaliana na mwiko huo. Wakati ule wako viongozi waliopiga makofi huku nyumba zao wakiziandikisha kwa majina ya ndugu. Yeye alijiuzulu katika Kamati Kuu.

Kuhusu nyumba zile, sisi twasimama na Azimio. Mfanya kazi wa bandarini hakupigania Uhuru ili apate mwenye nyumba mpya. Lakini kuhusu namna alivyopinga, tunaona alifanya kama Mwalimu alivyofanya mwaka 1957: alishindwa hoja, akakiacha kiti mchana kweupe. Chama chaweza kuishi na mpinzani wa namna hiyo. Anayekiua ni yule wa makofi, ambaye kumbukumbu za mkutano zaonyesha ameafiki.

Mwezi wa Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Bwana Michael Kamaliza na wengine, wakashitakiwa kwa kula njama ya kuipindua Serikali. Mahakama ilimwona na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 aliachiliwa. Hatufufui kesi hiyo hapa, wala gazeti si mahakama. Twasema tu kwamba miaka iliyofuata ilikuwa ya upweke. Jina lake likapotea katika hotuba, na vijana wengi waliisoma historia ya Uhuru bila ya kumkuta humo. Kosa hilo halikuwa lake. Mkutano ukisha kuamua jambo, haufuti majina ya waliohudhuria.

Mwaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30, Chama kilimkumbuka tena hadharani kama shujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, alikokuwa amepelekwa kwa matibabu. Dar es Salaam ipo barabara kubwa yenye jina lake, nayo yapita Mnazi Mmoja, pale ambapo TANU ilikuwa ikiwakusanya watu, na ambapo yeye alisimama mara nyingi kuomba neno.