Montessori: Daktari aliyefunzwa ualimu na watoto waliotengwa

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi, mzazi anayemtafutia mwanawe shule ya chekechea hakosi kuliona jina Montessori limeandikwa langoni. Wengi hulichukulia kuwa jina la mtindo wa kuwasomesha watoto wa wenye nacho, na karo inayotozwa huwapa sababu ya kudhani hivyo.

Ni wachache wanaojua kwamba mtindo huo ulianzia kwa watoto ambao hapakuwa na shule iliyowataka, watoto waliofungiwa hospitalini pamoja na watu wazima waliorukwa na akili.

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870, katika mji wa Chiaravalle nchini Italia, akiwa mtoto wa pekee wa Alessandro Montessori, mtumishi wa serikali, na mkewe Renilde Stoppani. Familia ilihamia jiji la Rome mnamo 1875.

Babake alitamani awe mwalimu, kazi iliyoaminika wakati huo kuwafaa wanawake. Binti alikataa katakata. Akiwa na umri wa miaka 13 alijiunga na shule ya ufundi akiwazia uhandisi, kisha akageukia udaktari na kufuzu katika Chuo Kikuu cha Rome mwaka wa 1896, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa nchini humo kufikia hapo.

Safari hiyo haikuwa mteremko. Ilionekana kuwa aibu kwa mwanamke kuutazama mwili wa maiti mbele ya wanaume, hivyo basi alilazimika kufanya masomo ya upasuaji wa maiti peke yake, jioni, wenzake wakiwa wamekwenda zao.

Baada ya kufuzu alihudumu katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo hicho, na kazi ikampeleka kwenye hospitali za wendawazimu za Rome. Humo ndimo alimowakuta watoto waliobandikwa majina ambayo leo hayatamkiki mbele ya mzazi: punguani, mataahira, wajinga wa kuzaliwa. Miongoni mwao walikuwamo viziwi, wenye kifafa, waliochelewa kusema na wasiosema kabisa.

Husimuliwa kwamba mlezi mmoja aliyewachukia watoto hao alimlalamikia Montessori kuhusu ulafi wao, kwa kuwa kila wamalizapo kula walijitupa sakafuni kuokota makombo ya mikate. Daktari huyo alikitazama chumba na kubaini kwamba hakikuwa na kitu chochote ambacho mtoto angeweza kukishika. Makombo ndiyo yaliyokuwa vitu pekee vya kuchezewa. Alichokiona kilikuwa njaa ya mikono, wala si ya tumbo.

Tukio hilo lilimsukuma kutafuta vitabu. Aliyasoma maandishi ya Jean Itard, daktari Mfaransa aliyejaribu kumfunza mvulana aliyepatikana akiishi msituni karibu na Aveyron, na ya mwanafunzi wa Itard, Édouard Séguin, aliyewafunza watoto wenye ulemavu wa akili mjini Paris kabla ya kuhamia Marekani. Ili kila wazo limwingie barabara, alivitafsiri vitabu hivyo kwa Kiitaliano na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe.

Mnamo 1898, katika kongamano la walimu mjini Turin, alitoa hoja iliyowashangaza wengi: kwamba watoto hao walihitaji mwalimu kuliko walivyohitaji daktari. Miaka miwili baadaye, mnamo 1900, chuo cha kuwaandaa walimu wa watoto wa aina hiyo kilifunguliwa Rome, kikiwa na darasa la watoto wenyewe. Montessori aliteuliwa kukiongoza pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano.

Kwa takriban miaka miwili alishinda na watoto hao kuanzia asubuhi hadi saa moja jioni, kisha usiku akikaa kuandika aliyoyaona.

Kulikuwa na msichana wa miaka 11 aliyeshindwa kabisa kujifunza kushona. Badala ya kumkemea na kumrudishia sindano ile ile, Montessori aliiweka kando na kumpa vipande vya karatasi avisuke kama mkeka, kimoja juu, kimoja chini. Msichana alipoimudu kazi hiyo, alirudishiwa sindano, na safari hii akashona. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunza mwendo kabla ya kudaiwa kazi yenyewe.

Alifanya vivyo hivyo kwa kuandika. Alichongesha herufi za mbao, irabu zikapakwa rangi nyekundu na konsonanti buluu, na watoto wakazipapasa kwa vidole kwa kufuata njia ambayo kalamu ingepita. Mzazi yeyote aliye na mtoto mwenye usonji ataitambua busara hiyo: kulivunja jambo vipande vidogo, kumpa mtoto kitu cha kushika, kurudia bila hasira, na kumtazama kabla ya kumwamuru.

Baadhi ya watoto hao walifika kiwango cha kusoma na kuandika, wakafanya mtihani wa shule za umma na kupita sawa na watoto wasio na ulemavu. Jiji lilishangilia muujiza. Montessori hakushangilia. Swali lililomkera ni hili: ikiwa hawa wamewafikia wenzao, basi hao wenzao wanafanyiwa nini shuleni hata wakabaki chini kiasi hicho?

Kuna jambo ambalo waliomshangilia hawakulijua. Mnamo Machi 31, 1898, Montessori alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mario, ambaye babake alikuwa Montesano. Wawili hao hawakuwa wamefunga ndoa, na kashfa ya namna hiyo ingeizima kazi yake mara moja. Mtoto alipelekwa mashambani kulelewa na watu wengine. Mwanamke aliyeamka alfajiri kuwahudumia watoto waliotupwa na jamii alimtembelea mwanawe mwenyewe kama mgeni.

Mwaka wa 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, naye Montessori akajiuzulu chuoni. Hakurejea tena kuwafunza watoto wenye ulemavu kama kazi yake kuu. Wapo wanaomlaumu kwa hilo hadi leo, na si bila sababu, maana waliomfunza ualimu aliwaacha nyuma. Lakini mwenye kuipima lawama hiyo hana budi kuuweka mzigo wa mwaka huo pia kwenye mizani.

Mnamo Januari 6, 1907, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, Rome. Vifaa alivyovitumia vingi vilikuwa vile vile vya darasa la awali, au vilizaliwa navyo. Kitabu chake kilichapishwa 1909, na sifa zikaenea Ulaya na Marekani.

Mario alijiunga na mamake mnamo 1913, akiwa kijana wa miaka 15, lakini kwa miaka mingi walimwengu waliambiwa ni mpwa wake.

Serikali ya Mussolini ilimkumbatia Montessori, naye kwa muda akaikubali mikono hiyo, doa ambalo wafuasi wake hupenda kulipita haraka. Walikosana, na shule zake nchini Italia zilifungwa. Vita vya Uhispania vilimtoa Barcelona mnamo 1936, akaenda Uholanzi. Alipokuwa India akiwafunza walimu, Italia iliingia vitani na Waingereza wakamzuia Mario kizuizini. Aliachiliwa Agosti 1940, mamake alipotimiza miaka 70.

Montessori alikuwa angali India mwaka wa 1943, Leo Kanner alipochapisha huko Marekani maelezo ya watoto 11 wenye hali ambayo leo inaitwa usonji. Huenda baadhi ya waliookota makombo Rome walikuwa wa kundi hilo.

Hapa kwetu, si jambo geni kumsikia mzazi wa mtoto mwenye usonji akisimulia alivyorudishwa langoni kwa kuambiwa kuwa shule haina nafasi ya mtoto kama wake. Inapokuwa ni shule yenye jina la Montessori, kinaya hicho hakihitaji mfafanuzi.

Alirejea Ulaya mnamo 1946. Mapema Mei 1952, katika mji wa Noordwijk, Uholanzi, inasimuliwa kuwa walikuwa wakizungumza na Mario juu ya mwaliko wa kwenda Gold Coast, Ghana ya leo, kuwafunza walimu. Mario alimsihi asisafiri kwa sababu ya afya yake. Mamake, wakati huo akiwa na miaka 81, aliuliza iwapo amekuwa hafai tena.

Alifariki Mei 6, 1952, na akazikwa huko huko Noordwijk. Katika wasia wake alimtaja Mario kuwa mwanawe.