Sheikh Amri Abedi: Meya Aliyeingia Kwenye Kutunga Sheria

Ukimtaja Amri Abedi mbele ya mwanachuo anayesoma Kiswahili, atakujibu vina na mizani. Wengi wetu tulikutana na jina hilo kidato cha tano, kwenye ule mgogoro wa ushairi wa kimapokeo na wa kisasa, tukalikariri, tukajibia swali, basi. Ukimtaja mbele ya mpenda mpira atakwambia ni uwanja wa Arusha. Uwanjani wameandika Abeid na kwenye vitabu ni Abedi, ila mtu ni yule yule. Wanaokumbuka kwamba alikuwa Meya ni wachache, na wengi wao ni wazee.

Mimi nataka tumzungumzie Meya. Sababu iko hapa hapa tunapoishi. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kwa hiyo sisi tunaopanga Mkonze tuna umri mkubwa kuliko jiji lenyewe. Bunge nalo liko safari ya daladala tu kutoka kwenye mageto yetu. Mtu angedhani jiji lililo jirani na Bunge kiasi hicho linapata kirahisi sheria linazozitaka. Maisha ya Sheikh Amri yanaonyesha mambo si mepesi hivyo.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Ujiji usiuchukulie poa. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani ikapita nchi hii ya Ugogo na Tabora, na Kiswahili kilikuwa lugha ya soko pale zamani sana, wakati sehemu nyingi za bara bado. Kijana wa hapo hakusubiri darasa ili ajue Kiswahili. Alisoma Shule ya Serikali ya Tabora, ile ile aliyopitia Julius Nyerere, na huko Tabora akawa karibu na Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya aliyetoka India. Amri alijiunga na jumuiya hiyo, akawa mhubiri wake, akashiriki katika kazi ya kutafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka mwaka 1953. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kisha yeye akaenda Rabwah, Pakistan, kusomea elimu ya dini kwa miaka kama miwili.

Tukae kidogo kwenye hicho kitabu, maana kinatuambia mengi juu ya mwanasiasa aliyekuja baadaye. Watunzi wengi walirithishana kanuni za ushairi kwa sikio, mwanafunzi anamsikiliza mwalimu wake mpaka anashika. Sheikh Amri alikaa chini akaziandika kwa Kiswahili cha kueleweka: kina cha kati na cha mwisho, idadi ya mizani, ubeti, na makosa ya kuepuka. Waliokuja kuzipinga kanuni hizo kwa vitendo, kama Euphrase Kezilahabi aliyetoa Kichomi mwaka 1974, walikuta mwenyewe ameshafariki miaka kumi iliyopita, kwa hiyo hatukupata kusikia angewajibu nini. Kwenye ubishi huo mimi siko upande wake sana. Lakini tazama aina ya akili: mtu anayeamini kwamba kanuni isiyoandikwa inamfaa mwenye nguvu, na ikishaandikwa kwa lugha ya watu kila mtu anaweza kuishika na kuitumia. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye siasa, lazima atavutwa na sheria.

Aliporudi alikuta TANU, iliyozaliwa Julai 1954, imeshaenea nchini. Aliingia kwenye harakati na akafika Baraza la Kutunga Sheria, lile wazee wanaloliita LEGCO, akiwakilisha kwao Kigoma. Mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam.

Uzito wa jambo hilo unaupata ukijua mji aliokabidhiwa. Kanuni za ujenzi zilikuwa zimeugawa mji kwa kanda. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za aina ya Kizungu, ya pili ya maduka na majengo ya biashara, ya tatu ya nyumba za kienyeji. Karatasi ilizungumzia aina ya jengo, lakini ukishuka barabarani ulikuta Wazungu Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja imeachwa wazi kati ya Kariakoo na mjini. Yaani ubaguzi mzima ulikuwa umefichwa ndani ya kanuni za matofali na bati. Sasa anaingia Meya ambaye watu wake ndio waliowekwa kanda ya tatu.

Angeweza kufanya nini? Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu 1949, na halmashauri yake iliweza kutunga sheria ndogo za masoko, usafi, ujenzi na vibali. Ila sheria ndogo bila idhini ya serikali kuu ilibaki karatasi. Na sheria mama, ile iliyoiumba manispaa na kuipimia madaraka na vyanzo vya mapato, haikutungwa na halmashauri, ilitungwa na LEGCO. Kwa hiyo mji ukitaka jambo zito libadilike ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni barua: inaandikwa, inafika wizarani, inakaa. Ya pili ni kuwa na mtu ndani ya ukumbi, mtu anayeweza kumuuliza waziri swali akalazimika kujibu hadharani, au kuomba kifungu kirekebishwe muswada ukiwa bado mezani. Tofauti ya njia hizo mbili anaijua yeyote aliyewahi kufuatilia matokeo yaliyopotea: email haijibiwi, ukienda mwenyewe ofisini wanakutafutia.

Sheikh Amri hakuhitaji kumtafuta mtu wa ndani, maana mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Na Baraza lilikutana Ukumbi wa Karimjee chini ya Spika Abdulkarim Karimjee, aliyekalia kiti hicho tangu 1956, ambaye naye aliwahi kuwa Meya wa Dar es Salaam. Meya akisimama kusema, anayempa nafasi ni Meya wa zamani anayejua taka na mifereji ni kitu gani. Kwa mji huo ni mtaji mkubwa.

Lakini kiti chake cha kutunga sheria kilikuwa cha Kigoma. Waliompeleka kule hawakumtuma kuzungumzia mifereji ya Ilala; nao walikuwa na shida zao, reli, ziwa, barabara. Dar es Salaam ilinufaika kwa sababu Meya wake alikuwa Mbunge wa mahali pengine, siyo kwa sababu sheria iliupa mji sauti. Wawakilishi wetu wa wanafunzi wanaoingia vikao vya juu vya chuo wanalijua tatizo hili. Ukishavaa kofia mbili, unapofungua mdomo unasema kwa niaba ya ipi?

Mwaka wa uhuru, 1961, Dar es Salaam ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Muda mfupi baadaye Sheikh Amri akaondolewa kwenye mambo ya jiji kwa kupandishwa cheo: akawa Mkuu wa Mkoa wa Magharibi, makao yake Tabora, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Kijana wa Ujiji aliyeandika sheria za mashairi sasa anasimamia sheria za nchi.

Mwaka 1963 haukuwa mwaka wa mchezo. Bunge lilifuta sheria iliyowapa machifu madaraka. Lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyounganisha mahakama za wenyeji na zile za serikali ziwe mfumo mmoja, Mahakama ya Mwanzo chini, ya Wilaya juu yake, mpaka Mahakama Kuu. Kabla ya hapo Mwafrika mwenye shauri la kawaida alikwenda kwa liwali au chifu, wakati mtu wa rangi nyingine alikuwa na mlango wake. Hapa Dodoma tuna mtu aliyefanya kazi ndani ya mfumo ule wa zamani, Mathias Mnyampala, Mgogo, liwali, na mshairi mwenzake Sheikh Amri. Mwaka huo huo umiliki wa ardhi wa milele ukageuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99 kutoka kwa serikali. Kwa mwenye kiwanja Dar es Salaam hiyo ilikuwa sheria ya mji kuliko sheria nyingi zenye neno mji kwenye jina.

Palikuwa pia na suala la lugha. Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili Desemba 1962, nchi ilipokuwa jamhuri, lakini vitabu vya sheria vilibaki Kiingereza. Wizara ya Sheria chini ya Sheikh Amri ikaanza kazi ya kutafuta maneno ya kisheria ya Kiswahili. Kazi hiyo ilimzidi umri. Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipotamka kwamba lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Msilione hili kama suala la wapenda lugha tu. Diwani ambaye hawezi kuusoma muswada atautetea vipi mji wake mbele ya kamati?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Sheikh Amri bila kipimo. Wanahesabu vyeo vyake kama ngazi: meya, mkuu wa mkoa, waziri. Kwake yeye ni ngazi kweli. Kwa jiji ilikuwa hasara, maana kila alipopanda alikwenda na uzoefu wake, na kiti cha Meya alichokiacha kilibaki na madaraka yale yale ya kuandika barua. Waziri anafungwa na uamuzi wa baraza la mawaziri. Hata kama moyoni bado ni mtu wa Karimjee na Kariakoo, hawezi kusimama bungeni kuitetea halmashauri dhidi ya serikali yake. Simlaumu yeye. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika na kila mmoja alihitajika sehemu tano kwa wakati mmoja.

Mwaka 1964 alihamishiwa wizara ya maendeleo na utamaduni wa taifa, kazi ambayo nadhani ingemfaa kuliko zote. Hakukaa nayo. Oktoba mwaka huo alifariki Bonn, Ujerumani Magharibi, akiwa na miaka 40.

Halmashauri aliyoiongoza iliishi miaka kumi tu baada yake. Serikali ilianza mpango wa madaraka mikoani mwaka 1972, na mwaka 1974 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikafutwa, kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Huduma za miji zikazorota, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya mpito, kisha ikaja Sheria Namba 8 ya 1982 inayoongoza miji mpaka leo. Mwaka 1984 zikaanzisha jumuiya yao, ALAT, ili zisiwe zinaandika barua mojamoja. Hata hivyo Dar es Salaam iliwekwa tena chini ya tume kati ya 1996 na 2000, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Na Dodoma? Tangu 1973 tulikuwa na CDA, mamlaka iliyoundwa kwa amri ya Rais, iliyopima na kugawa ardhi ya mji kwa hati za miaka 33, huku madiwani waliochaguliwa wakikaa pembeni. Ilidumu miaka 44, hadi Rais alipoivunja Mei 2017 na hati zikaanza kutolewa za miaka 99. Kuundwa kwake na kuvunjwa kwake, kote kulitoka juu. Kodi ya majengo, ambayo ndiyo pesa ya asili ya mji wowote, ilihamishiwa TRA mwaka 2016 kupitia Sheria ya Fedha, na tangu 2021 inakatwa kwenye luku. Sisi wapangaji wa Mkonze tunaiona kila tukinunua umeme.

Kinachofanana na kofia mbili za Sheikh Amri, lakini safari hii kwa mujibu wa sheria, ni kwamba wabunge wa majimbo ya jiji ni wajumbe wa baraza la madiwani. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unakwenda kwenye kamati ya Bunge, na kamati hualika wadau kutoa maoni. Siku huwa chache, ila mlango upo, na uko Dodoma hii hii. Halmashauri inaweza kuingia, ALAT inaweza kuingia, hata jumuiya ya wanafunzi inaweza kupeleka maoni yake. Septemba 2018 Bunge lilipopitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, Meya wetu, kwa kuwa ni diwani na si mbunge, hakuwa na kura ukumbini.