Charles Alcock: Jamaa Aliyebuni Kombe la FA, Kisha Akalibeba Mwenyewe

Msee, si unajua ile raha ya kuona katimu kadogo kakilima klabu ya mabilionea kwenye Kombe la FA? Umeweka mkeka wako fiti, timu zote ni kubwa, halafu wasee wa ligi ya nne, mmoja ni fundi wa bomba, wanauchana mbele ya macho yako. Basi hiyo raha (na hiyo hasara) ina mwenyewe. Anaitwa Charles William Alcock. Alidedi 1907, na ukiuliza mtaani hakuna anayemjua. Kaa hapo kwanza nikupe stori yake, sababu msimu wa kwanza wa hilo kombe ulikuwa sinema.

Alcock alizaliwa Sunderland, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 2 Desemba 1842. Mbuyu wake alikuwa na biashara ya meli, kwa hivyo doh haikuwa shida. Akapelekwa Harrow, shule ya mababi haswa. Shuleni huko boli ilikuwa dini. Mabweni yalikuwa yanapambana kwa mtindo mmoja tu: ukichapwa unaenda nyumbani, anayebaki wa mwisho ndiye jogoo. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Baada ya shule, yeye na brathe wake John wakaunda timu ya masela waliosoma nao, wakaiita Forest kwa sababu walikuwa wanachezea karibu na msitu wa Epping, nje kidogo ya London. Hiyo ni 1859. Miaka michache baadaye ikageuka kuwa Wanderers, yaani wazururaji, na jina liliwakaa poa kwa sababu hawakuwa na uwanja wao. Walikuwa wanacheza popote watakapopata nyasi. Alcock alikuwa mshambuliaji, mwili mkubwa, mtu wa kuinamisha kichwa na kupiga chenga hadi mwisho. Boli ya wakati huo ilikuwa hivyo. Pasi ilikuwa kitu cha mtu aliyeishiwa na maarifa.

Mwaka wa 1870 akawa katibu wa FA, chama cha soka cha Uingereza. Usidhani ni ofisi kubwa na walinzi kwa geti. FA ilikuwa imeundwa 1863 na bado ilikuwa kachama kadogo tu, klabu chache, na kila mtaa ulikuwa na sheria zake za boli. Mechi zote zilikuwa za kirafiki. Ukishinda, sawa. Ukipoteza, sawa pia. Hakuna kitu cha kupigania.

Tarehe 20 Julai 1871, kwenye ofisi za gazeti la The Sportsman jijini London, Alcock akatoa wazo lake: kuwe na kombe, klabu zote wanachama zialikwe, na ukichapwa unaenda nyumbani. Unaona? Ni ile ya Harrow, sasa kwa nchi nzima. Wenzake wakakubali. Kombe la fedha likaagizwa kwa bei ya pauni 20, na klabu zikachangishwa. Queen's Park ya Glasgow, Scotland, ambayo haikuwa na doh, ilijikaza ikatoa gini moja, yaani pauni moja na shilingi moja. Hiyo gini ikumbuke pia.

Klabu zilizojiandikisha zilikuwa 15 peke yake. Karibu zote ni za London na viunga vyake. Zilizotoka mbali ni hao Queen's Park na shule moja ya Lincolnshire inaitwa Donington. Na kati ya hizo 15, tatu zilijitoa bila kugusa mpira. Kwa hivyo shindano unaloliona leo likiwa na timu mia kadhaa lilianza na timu 12 zilizocheza kweli.

Sasa cheki safari ya Wanderers, timu ya huyu mwenye shindano. Raundi ya kwanza walipangwa na Harrow Chequers. Wapinzani wakajitoa, ushindi wa mezani. Raundi ya pili wakalima Clapham Rovers 3-1. Raundi ya tatu wakatoka sare na Crystal Palace (sio hii Palace unayoijua, ni nyingine ya zamani). Sheria iliruhusu timu zote mbili kupita, basi zikapita. Hadi hapo Wanderers wako nusu fainali wakiwa wameshinda mechi moja.

Unafikiri hiyo ni noma? Queen's Park walifika nusu fainali bila kucheza hata mechi moja! Walipangwa na Donington, safari ikashindikana, wote wakapitishwa. Wakapangwa tena na Donington, wale wakajitoa. Raundi iliyofuata Queen's Park wakapita bure kwa sababu timu hazikutosha. Ndio hivyo, jo.

Nusu fainali zote zilikuwa London, uwanja wa Kennington Oval, tena uwanja wa kriketi. Wasee wa Glasgow wakachangiwa nauli na watu wao, wakapanda treni, wakateremka hadi London. Machi 5, 1872 wakakutana na Wanderers. Na hapa Waingereza wakaona maajabu, maana hawa Waskoti walikuwa wanapeana pasi. Mechi ikaisha 0-0. Kulikuwa na marudio, lakini marudio yanataka watu walale London ama warudi nyumbani kisha waje tena. Doh ilikuwa imeisha. Queen's Park wakajitoa, wakarudi Glasgow bila kuchapwa na mtu.

Kama umewahi kuchezea timu ya mtaani unajua hiyo uchungu. Hakuna aliyekushinda uwanjani, umeshindwa na nauli. Na hawa walikuwa wamechangia kombe lenyewe.

Hivyo ndivyo Wanderers walivyoingia fainali, Machi 16, 1872, hapo hapo Oval. Na usisahau, Alcock alikuwa katibu wa FA, nahodha wa Wanderers, na mwaka huo huo wa 1872 akawa pia katibu wa klabu ya kriketi ya Surrey, ambayo uwanja wake wa nyumbani ni, umekisia, Oval. Leo mtu akiwa na vyeo hivyo vitatu kwa wakati mmoja mitandao ingelipuka. Mimi sidhani alikula njama. Watu waliojali boli walikuwa wachache hadi kila kazi ilimwangukia yeye. Lakini siwezi kukulaumu ukikunja uso.

Wapinzani walikuwa Royal Engineers, wanajeshi kutoka Chatham, na ndio waliopewa nafasi kubwa. Watu kama 2,000 walifika, na kiingilio kilikuwa shilingi moja, pesa ambayo mfanyakazi wa kawaida angeifikiria mara mbili. Ukiingizwa uwanjani siku hiyo ungepotea kabisa. Hakuna nyavu. Hakuna mtambaa panya, juu ya milingoti kuna utepe tu umefungwa. Hakuna penalti. Na kila bao likifungwa, timu zinabadilishana upande.

Dakika kama kumi tu zimepita, mwanajeshi anaitwa Edmund Cresswell akavunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Hakuna kubadilisha wachezaji. Akakataa kutoka, akasimama pembeni akicheza na huo mfupa umevunjika hadi mwisho. Muda mfupi baadaye Robert Vidal wa Wanderers akakata chenga zake, akampa mwenzake, bao. 1-0. Alcock mwenyewe alifunga jingine, likakataliwa kwa sababu mwenzake alikuwa ameunawa mpira. Mechi ikaisha hivyo hivyo.

Mfungaji kwenye orodha aliandikwa A. H. Chequer. Sasa huyo ni nani? Hakuna mtu kama huyo. Ni Morton Peto Betts aliyejificha nyuma ya jina la uongo. Betts alikuwa mtu wa Harrow Chequers, ndiyo maana akajiita Chequer, na Harrow Chequers ni ile timu iliyojitoa raundi ya kwanza dhidi ya… Wanderers! Yaani bao la kwanza la fainali ya kwanza ya Kombe la FA limefungwa na mchezaji wa timu ambayo washindi waliipita mezani. Jaribu hiyo leo uone kama hutafungiwa.

Kombe halikuwa hata uwanjani. Alcock alilipokea karibu mwezi mmoja baadaye kwenye mgahawa wa Pall Mall, watu wakila dina, kutoka kwa Ebenezer Morley, rais wa FA.

Lakini wale Waskoti hawakumtoka akilini. Novemba 30 ya mwaka huo huo, kwa mpango wake, Uingereza ikasafiri hadi Glasgow kucheza na Scotland, mechi ya kwanza rasmi ya mataifa duniani. Scotland ilichezesha Queen's Park watupu. Ikaisha 0-0 tena. Alcock alikuwa ameumia, kwa hivyo akawa mwamuzi wa pembeni. Aliichezea nchi yake mara moja tu kwenye mechi rasmi, 1875 dhidi ya Scotland, akiwa nahodha, akafunga, sare 2-2.

Wanderers walibeba kombe mara tano: 1872, 1873, 1876, 1877 na 1878. Kwa sheria, ukilibeba mara tatu mfululizo ni lako milele. Walifikisha hizo tatu, na wangelipeleka nyumbani kabisa. Badala yake wakalirudisha kwa FA, kwa sharti kwamba kuanzia hapo hakuna klabu yoyote itakayolimiliki moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu hadi leo Arsenal wanalishinda mara 14 na bado wanalirudisha.

Halafu mambo yakageuka. Kaskazini, kwenye viwanda vya pamba, vijana wa kazi za mikono walikuwa wameipenda boli kuliko mababi. Mwaka wa 1883 Blackburn Olympic, timu yenye wafumaji na mafundi, ilikuja Oval ikakutana na Old Etonians, vijana wa shule ghali kuliko zote. Ikaenda hadi muda wa nyongeza, na Jimmy Costley, kijana wa kiwandani, akafunga la ushindi, 2-1. Tangu siku hiyo timu za waliosoma shule za kifahari hazijawahi kulibeba tena.

Mababi wakaanza kulalamika kwamba hawa wanalipwa. Na kweli walikuwa wanalipwa, chini ya meza. Mwaka wa 1884 Preston North End walitoka sare na Upton Park, moja ya zile klabu 15 za mwanzo. Upton Park wakapeleka malalamiko, meneja wa Preston akakubali wazi kwamba analipa wachezaji, timu ikatupwa nje ya kombe. Klabu nyingi za kaskazini zikatisha kujitoa FA na kuunda chama chao.

Hapa ndipo ninapomheshimu Alcock zaidi. Yeye ni mtoto wa Harrow, hajawahi kuhitaji mshahara wa boli, na marafiki wake wengi waliona kulipa mchezaji ni aibu. Lakini pale Surrey alikuwa akifanya kazi na wachezaji wa kriketi wanaolipwa, na aliona dunia haikuanguka. Kijana anayeacha zamu ya kiwandani kwenda kucheza ugenini anapoteza hela ya siku hiyo, nani atamrudishia? Alcock akasimama upande wa malipo kuwa halali. 1884 wazo likakataliwa. Hakuacha. Tarehe 20 Julai 1885, miaka 14 kamili tangu siku ile ya kombe kwenye ofisi ya gazeti, FA ikaruhusu wachezaji kulipwa. Kila mshahara wa wiki unaousikia leo ukashika kichwa, ulipita kwa huo mlango.

Kwingine alikuwa mwandishi na mhariri, akitoa kitabu cha soka cha kila mwaka na gazeti la kriketi. 1880 ndiye aliyepanga mechi ya kwanza ya kriketi ya Test kwenye ardhi ya Uingereza, dhidi ya Australia, pale pale Oval. Huyu mtu hakuwa analala.

Aliondoka FA mwaka wa 1895, baada ya miaka 25. Mwaka huo huo lile kombe lake la pauni 20 likaibwa Birmingham. Aston Villa walikuwa wamelishinda, wakaliweka kwenye dirisha la duka la viatu watu walitazame, na usiku wa Septemba mtu akapita nalo. Halijawahi kupatikana. Villa wakapigwa faini ya pauni 25, na jingine likatengenezwa.

Alcock alifariki Brighton tarehe 26 Februari 1907, akiwa na miaka 64, akazikwa makaburi ya West Norwood, kusini mwa London. Kombe lilikuwa linaendelea. Aprili hiyo watu zaidi ya 80,000 walijaa uwanja wa Crystal Palace kutazama Sheffield Wednesday wakichapa Everton 2-1, na wachezaji wote wa mechi hiyo wangeweza kulipwa mchana kweupe.