J.M.W. Turner: Mtoto wa kinyozi aliyeliwahi jua kwa rangi za maji

Sisi tunaofungua matangazo ya asubuhi tunaijua saa ile vizuri. Unaingia studio nje kungali giza, unasoma taarifa ya kwanza, unaweka wimbo mmoja, na ukichungulia dirishani anga imeshageuka. Kati ya giza na jua kamili zinapita rangi nyingi, na hakuna awezaye kuziomba zisubiri. Katika makala haya tunamtazama mtu aliyezifukuzia rangi hizo kwa brashi, maji na karatasi tangu ujana hadi uzee. Ni Joseph Mallord William Turner, mchoraji wa Uingereza, ambaye tangu mwaka 2020 sura yake imo kwenye noti ya pauni 20 ya nchi hiyo.

Dirisha la kinyozi

Turner alizaliwa mwaka 1775 London, eneo la Covent Garden. Baba yake, William, alikuwa kinyozi na mtengenezaji wa nywele za bandia. Nyumba yao haikuwa na utulivu. Dada yake mdogo alifariki mwaka 1783, kabla hajatimiza miaka mitano. Mama yake aliugua maradhi ya akili, na mwaka 1800 akalazwa katika hospitali ya Bethlem, akafariki mwaka 1804. Katika utoto wake Turner alipelekwa kuishi kwa mjomba wake, muuza nyama wa Brentford, kando ya Mto Thames.

Mtu wa kwanza kuamini kipaji chake alikuwa baba yake. Alitundika michoro ya mwanawe dukani mwake na kuwauzia wateja kwa shilingi chache. Miaka ilipopita na mtoto akapata jina, mzee aliacha kunyoa, akahamia kwa mwanawe na kuwa msaidizi wake wa karakana, akitayarisha turubai na kupaka vanishi. Walifanya kazi pamoja mpaka mzee alipofariki mwaka 1829.

Turner aliingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme mwaka 1789 akiwa na miaka 14. Mwaka uliofuata kazi yake ya kwanza ilikubaliwa kwenye maonyesho ya chuo hicho, nayo ilikuwa ya rangi za maji. Mwaka 1802, akiwa na miaka 26, akawa mwanachama kamili.

Weupe unatoka wapi?

Wakati huo heshima kubwa ilikuwa kwenye rangi za mafuta. Rangi za maji zilionekana kuwa kazi ya wachora ramani na wanaochora majumba ya kale kwa ajili ya vitabu. Turner alianza humo humo. Jioni alikwenda nyumbani kwa daktari Thomas Monro kunakili michoro ya mabwana waliotangulia, akilipwa fedha kidogo na chakula cha usiku. Mwenzake pale alikuwa Thomas Girtin, kijana wa rika lake na hodari kama yeye. Girtin alifariki mwaka 1802 akiwa na miaka 27.

Tufafanue kidogo jinsi rangi hizi zinavyofanya kazi. Ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mti wa jamii ya mgunga, ileile inayovunwa Sudan hadi leo, kisha ukayeyushwa kwa maji. Kwa kawaida mchoraji hapaki weupe, kwani weupe ni karatasi yenyewe, inayoonekana kupitia rangi nyepesi. Maana yake, anayechora macheo hulipata jua kwa kuacha mahali pake bila rangi. Akishapapaka, si rahisi kurudi nyuma.

Turner alitafuta njia za kurudi. Aliilowanisha karatasi kwanza, akaiacha rangi itambae yenyewe kama ukungu juu ya mto. Palipozidi alifyonza kwa sponji au kwa chembe za mkate. Alipotaka mng'ao mkali alikwangua karatasi kwa kisu au kwa ukucha wa kidole gumba, ambao inasimuliwa aliufuga mrefu kwa kazi hiyo.

Asubuhi tatu

Mwaka 1797, akisafiri kaskazini mwa Uingereza, aliiona ngome ya Norham kando ya Mto Tweed, mpakani na Scotland. Mwaka 1798 alionyesha picha yake ya rangi za maji, jua likichomoza nyuma ya ngome. Watu waliipenda, naye aliirudia ngome hiyo maisha yake yote. Mara ya mwisho, yapata mwaka 1845, aliichora kwa mafuta lakini nyembamba kama maji: buluu, manjano, na ng'ombe mmoja mtoni. Hakuionyesha popote. Umma uliiona mwaka 1906, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake.

Asubuhi ya pili ni ya Venice, mwaka 1819. Alikaa mjini humo siku chache tu. Kwa kawaida nje alichora kwa kalamu ya risasi na kupaka rangi baadaye, maana jua hubadilika kabla karatasi haijakauka. Lakini katika picha chache za Venice, kama ile ya kanisa la San Giorgio Maggiore asubuhi na mapema, aliacha sehemu kubwa ya karatasi karibu tupu, na utupu huo ukawa mwanga.

Ya tatu ni ya mlima Rigi, Uswisi. Turner alikuwa amepita miaka 65 alipokaa Lucerne na kuutazama mlima huo ng'ambo ya ziwa, kila saa na rangi yake. Mwaka 1842 alikamilisha picha tatu: mbili za asubuhi na moja ya jioni. Inayojulikana zaidi ni ile ya buluu. Jua bado liko nyuma ya mlima, nyota ya Zuhura ingali inawaka, na chini majini mbwa wanawakurupua bata.

Soko halikumkimbilia. Picha hizo ziliuzwa gini 80 kila moja, yaani pauni 84, na wanunuzi hawakuwa wengi. Mwaka 2006 ile ya buluu ilipigwa mnada kwa zaidi ya pauni milioni 5. Ilikaribia kuondoka Uingereza, mpaka jumba la Tate lilipoinunua mwaka 2007, likisaidiwa na maelfu ya watu wa kawaida waliochangia.

Doa na wosia

Hatuwezi kumsimulia kwa upande mmoja. Mwaka 1805 Turner aliweka pauni 100 katika biashara ya shamba la mifugo Jamaica lililotegemea kazi ya watumwa. Mwaka 1840 mtu huyohuyo alionyesha picha ya watumwa waliotupwa baharini kutoka melini, chini ya jua jekundu. Mambo yote mawili ni yake.

Alifariki Desemba 19, 1851, kwenye nyumba ya Chelsea alikoishi na Sophia Booth, na majirani wengi hawakujua kuwa mzee yule ni Turner. Alizikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Wosia wake ulitaka fedha zake zijenge makazi ya wachoraji maskini waliozeeka. Ndugu walikwenda mahakamani. Mwaka 1856 kesi ikaisha: michoro, maelfu kwa maelfu, ikawa mali ya taifa, na sehemu kubwa ya fedha ikaenda kwa ndugu. Makazi hayo hayakujengwa.

Kuna jambo moja la mwisho. Rangi za maji hupauka zikikaa kwenye mwanga, na Turner hakuwa mwangalifu sana katika kuchagua rangi zinazodumu. Ndiyo maana picha zake nyingi leo hutunzwa gizani. Tajiri Henry Vaughan, aliyeziachia Scotland picha zake 38 za rangi za maji za Turner mwaka 1900, aliweka sharti kwamba zionyeshwe mwezi wa Januari pekee, wakati mwanga wa huko ni hafifu kuliko wote. Kila mwaka watu hupanga foleni kwenye baridi kwenda kuyaona macheo ya mtoto wa kinyozi. Januari ikiisha, yanarudishwa gizani.